Muulize Sista: Binti yangu alipona uvimbe wa kichwa. Mbona sasa kila mtu anamwita mvivu?

Shikamoo Sista,

Mimi ni seremala hapa Ifakara, baba wa watoto wawili. Majibu yako nimeyasoma siku nyingi nikidhani ni ya watu wengine. Leo na mimi yamenifika.

Binti yangu ana miaka 12. Alipokuwa na sita alianza kutapika kila asubuhi, kichwa kinamuuma, halafu akawa anayumba akitembea kama aliyelewa. Tulimtibu malaria mara tatu, minyoo mara mbili, na kwa mganga mara moja, sitaficha. Mwisho tukapelekwa Dar es Salaam, akapigwa picha, tukaambiwa ana uvimbe kisogoni. Akapasuliwa. Ikafuata mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, kisha dripu za saratani karibu mwaka mzima. Fomu ya mionzi nilitia saini mimi, maana mama yake alikuwa msibani. Daktari alisema nywele zitanyonyoka na mtoto atachoka. Kuhusu huko mbele sikumbuki kuambiwa neno.

Sista, alipona. Picha zote safi. Mwaka jana wakasema miaka mitano imetimia, hakuna tena haja ya kwenda kliniki. Tukachinja mbuzi.

Tatizo ni shule. Aliporudi darasa la kwanza alikwenda vizuri tu. Kuanzia darasa la tatu akawa anaachwa, na sasa yuko la tano, darasa moja na mdogo wake wa miaka 10. Juzi niliwapa maswali kumi ya hesabu mezani kwangu. Mdogo akamaliza, akatoka kucheza, akarudi kunywa maji, akatoka tena. Dada yake bado yuko swali la tatu. Na hayo matatu alipata yote. Mwalimu anasema ni mvivu, anaota mchana, hata kunakili ubaoni hamalizi. Mwaka huu nimemchapa mara mbili kwa sababu hiyo.

Halafu hakui. Mimi watoto wangu nawapima kwenye mwimo wa mlango kwa penseli kila Januari. Mwaka juzi sentimita 123, mwaka jana 125, mwaka huu 126 na nusu. Mdogo wake ana 136. Sare ya darasa la tatu bado inamtosha.

Jirani yetu anayefanya kazi maabara kaniambia, "Mionzi mliyompa imeunguza ubongo, na ndiyo hiyo inayoleta saratani nyingine." Tangu siku hiyo silali. Mama mkwe anasema mtoto katupiwa kitu. Anataka hata ile maski ya plastiki aliyofungwa usoni wakati wa mionzi ichomwe. Tulikuja nayo, imetundikwa msumarini sebuleni, na yeye anasema ina nuksi.

Naomba uniambie. Je, nilimharibu mwanangu kwa saini yangu? Hawakuweza kumpunguzia? Saratani itarudi kwa ajili ya mionzi? Atakua? Atazaa? Karatasi ya kutoka hospitali imeandikwa "54 Gy/30". Sijui maana yake.

Baba wa binti, Ifakara


Marahaba, baba. Pole sana.

Nianze na yale maswali matatu, maana umeyaandika kwa kupita tu na mimi naona ndiyo barua yenyewe. Matatu, na yote kapata. Mtoto mvivu hukimbiza kalamu akamaliza kumi, akakosa saba, akatoka kucheza. Huyu wako amekaa pale, mwenzake anaingia na kutoka, na bado anafanya kwa usahihi. Anaelewa, ila akili yake inafika kwa kuchelewa.

Hilo lina sababu, na jirani yako ameigusa nusu. Mionzi ya kichwani kwa mtoto huumiza zile nyuzi nyeupe zinazopeleka habari kutoka upande mmoja wa ubongo kwenda mwingine. Utotoni nyuzi hizo bado zinavikwa ganda lake la mafuta, lile linalofanya habari ipite haraka, na mionzi huikatiza kazi hiyo katikati. Kinachopungua kwanza ni kasi, kisha uwezo wa kushika mambo mawili matatu kichwani kwa pamoja, kisha uwezo wa kutulia kwenye jambo moja wakati wengine wanapiga kelele. Sasa tazama kunakili ubaoni. Usome, ushike, uinamishe kichwa, uandike, unyanyue kichwa, utafute ulipoishia, na mwalimu keshafuta. Sijui kazi ya shule inayomwonea mtoto wa namna hii kuliko hiyo.

Umeshangaa kwamba darasa la kwanza alikuwa sawa. Ndivyo inavyokuwa. Madhara haya hayaji na mionzi, huja baada ya mwaka, miwili, mitatu, na huonekana zaidi pale masomo yanapokuwa marefu. Wala hajasahau alichokuwa anajua. Kipya anakipata polepole kuliko wenzake, basi kila mwaka pengo linapanuka, na mzazi anadhani mtoto anarudi nyuma. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo siku ya mionzi, ndivyo inavyomgusa zaidi. Ndiyo maana walio chini ya miaka mitatu madaktari hujitahidi kabisa wasiwapige mionzi ya kichwa chote, huwashikilia kwa dawa kwanza. Wako alikuwa na sita.

Sasa saini yako.

Kutapika asubuhi, kuyumba, uvimbe kisogoni, kupasuliwa, mionzi ya kichwa na dripu za mwaka: kwa maelezo hayo naamini ilikuwa medulloblastoma, uvimbe wa saratani unaoongoza kwa watoto upande wa ubongo. Ile 54 ni kiasi cha mionzi, kinapimwa kwa grei, na 30 ni mara alizopigwa. Kwa kawaida mara 13 za mwanzo huenda kichwa chote na uti wa mgongo, jumla grei 23.4, na 17 zinazobaki hulenga pale uvimbe ulipokuwa. Najua utauliza, kwa nini kichwa chote wakati uvimbe ulikuwa kisogoni? Kwa sababu saratani hii hudondosha mbegu zake kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Ukiondoa uvimbe ukaacha maji, inachipua kwingine. Hapo zamani watoto waliopasuliwa tu karibu wote walikufa. Mwaka 1953 daktari wa mionzi Edith Paterson na mwenzake Farr, kule Manchester, Uingereza, walieleza habari za wagonjwa waliopigwa mionzi kichwa chote na mgongo mzima, na karibu theluthi mbili wakawa hai baada ya miaka mitatu. Kabla ya hapo hesabu kama hiyo haikuwapo.

Je, wangepunguza? Swali hilo limeulizwa na watu wenye hamu ya kupunguza kuliko wewe. Madaktari wa Amerika ya Kaskazini walichukua watoto wa miaka 3 hadi 7, umri wa binti yako kabisa, wakawagawa. Wengine wakapewa grei 23.4 za kichwa chote na mgongo, wengine 18. Majibu yalichapishwa mwaka 2021. Miaka mitano baadaye, katika kila 100 waliopewa kiasi cha kawaida, 83 hivi walikuwa salama bila ugonjwa kurudi. Kwa waliopunguziwa walikuwa 71. Hata mashine za protoni (aina nyingine ya mionzi) wanazozisifu huko nje huokoa moyo, mapafu na utumbo vilivyo mbele ya mgongo, lakini ubongo wote bado hupigwa. Kwa saratani ya damu ndiko walikofanikiwa. Miaka ya sitini watoto walipigwa grei 24 kichwani, baadaye 18, na leo walio wengi hawapigwi kabisa, dawa zimeshika nafasi. Kwa uvimbe wa mwanao hatujafika huko.

Kwa hiyo saini yako ilinunua uhai, na bei ilikuwepo. Kosa ni kwamba hukutajiwa bei. Hilo ni letu sisi watu wa wodini. Mimi mwenyewe miaka mingi nilikuwa nikiwaambia wazazi habari za nywele, kwa sababu nywele ndizo nilizokuwa nikiziona. Mtoto wa darasa la tano asiyemaliza kunakili hakuwa mbele yangu, alikuwa kijijini kwao anachapwa.

Sasa mlango wako. Baba, alama zile za penseli ni kipimo ambacho faili nyingi za hospitali hazina. Mtoto wa umri wake hutarajiwa kuongezeka kama sentimita tano kwa mwaka. Wako kaongeza mbili, halafu moja na nusu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, pituitari, ndiyo inayoagiza homoni za mwili, na mionzi ya kichwa chote huipitia. Homoni ya ukuaji ndiyo huanza kupungua kuliko nyingine zote. Ipo ya kutengenezwa, hutolewa kwa sindano ndogo chini ya ngozi, mara nyingi kila usiku kwa miaka. Sitakuficha, ni ghali, na si kila duka la dawa linaijua. Lakini dirisha lake hufunga: mifupa ikishakomaa baada ya balehe, sindano hairefushi tena. Ndiyo maana nakwambia nenda mwezi huu, usingoje Januari. Kuna watakaokutisha kwamba sindano hizo huamsha saratani. Watoto waliozipata baada ya kupona wamefuatiliwa kwa miaka, na haikuonekana kwamba uvimbe uliwarudia zaidi ya wenzao. Jingine ni kwamba mgongo wenyewe ulipigwa mionzi, na pingili zake hazitarefuka kama miguu. Mwangalie akiwa amekaa kwenye dawati. Kama kidevu kinakaribia meza na miguu ni mirefu tu, ndiyo hiyo. Sindano haitarudisha yote.

Ukifika kwa daktari wa homoni usiridhike na kipimo cha ukuaji peke yake. Mwombe apime na tezi ya shingo, na hapa sikiliza vizuri: mara nyingi hupimwa TSH tu, homoni ambayo pituitari huitumia kuiamuru tezi hiyo, inatoka sawa, mtoto anarudishwa nyumbani. Kama amri kutoka pituitari ndiyo imedhoofika, TSH inaweza kuonekana nzuri huku homoni yenyewe iko chini. Basi ipimwe na T4 huru, ndiyo homoni ya tezi yenyewe. Upungufu huo peke yake unatosha kumfanya mtoto awe mzito, asinzie, asikie baridi, achelewe darasani, na tiba yake ni kidonge cha kila siku kisicho na bei kubwa. Apimwe na kotisoli ya asubuhi, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Mwenye upungufu wa hiyo anaweza kuonekana mzima, halafu malaria moja au kutapika kwa siku moja kukamlaza ghafla, sukari na presha zimeshuka.

Na masikio. Kama kwenye zile dripu ilikuwemo sisplatini, na kwa ugonjwa huu huwemo mara nyingi, inaua usikivu wa sauti nyembamba. Ukimwita uani anaitika, kwa hiyo unasema anasikia. Lakini "fika" na "shika" kwake ni neno moja, hasa darasa likiwa na watoto themanini. Apimwe kwa mashine, kupigiwa makofi nyuma ya kichwa si kipimo.

Hofu yako ya saratani nyingine haikutoka hewani. Kati ya mwaka 1948 na 1960 huko Israeli, watoto wahamiaji kwa maelfu, wengi wakitokea Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walipigwa mionzi kichwani kwa ajili ya mapunye. Mapunye tu, ugonjwa ambao leo unatibiwa kwa vidonge. Ubongo ulipata kiasi kidogo, kama grei moja na nusu. Watafiti Elaine Ron, Baruch Modan na wenzao waliwafuatilia zaidi ya 10,000, na mwaka 1988 wakaeleza kwamba uvimbe wa utando wa ubongo, meninjioma, uliwapata karibu mara kumi kuliko wasiopigwa. Serikali ikaja kutunga sheria ya kuwalipa fidia mwaka 1994. Jirani yako huenda alisikia habari ya aina hiyo.

Ila mara kumi ya kitu adimu bado si kitu cha kila mtu. Katika watu waliopigwa mionzi ya kichwa utotoni kwa sababu ya saratani na kufuatiliwa huko Marekani na Kanada, kwa kiasi kikubwa kuliko kile cha mapunye, meninjioma ilikuwa imewapata kama watano au sita katika 100 walipofika miaka 40. Nyingi si saratani, hukua taratibu, na daktari wa upasuaji huweza kuzitoa. Zipo mbaya zaidi, hizo ni chache zaidi. Kwa hiyo lile la "miaka mitano imetimia, hakuna haja ya kurudi" silikubali hata kidogo. Miaka mitano ni ya ule uvimbe wa kwanza. Madhara ya mionzi yana kalenda yake, nayo ni ndefu. Mwanao ana kliniki ya maisha: shingo ikaguliwe kila mwaka kwa kushikwa na vidole, macho yaangaliwe mtoto wa jicho, presha ipimwe, ngozi ya kichwa itazamwe vidonda visivyopona. Avae kofia juani. Siku ukiona amelegea mkono au uso upande mmoja, au ameanza degedege, au maumivu mapya ya kichwa kila asubuhi na kutapika, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, msianze na malaria.

Kuzaa sijui, na asiyempima hajui. Dripu zinaweza kugusa mayai, mionzi ya mgongo wa chini inaweza kuyafikia, na pituitari inaweza kushindwa kuyaamuru. Wapo waliopata watoto. Muhimu sasa ni balehe: akifika miaka 13 bila dalili ya matiti, daktari aambiwe. Zipo homoni za kumsaidia apevuke pamoja na wenzake.

Shuleni usiende kulalamika, nenda na barua. Daktari aandike kwa Kiswahili, mistari mitano: mtoto alitibiwa uvimbe wa ubongo, anaelewa lakini ni mzito wa kasi, huenda hasikii vizuri. Kisha muombe mwalimu vitu vidogo. Akae mbele, asinakili bali apewe daftari la mwenzake (mdogo wake yuko darasa hilo hilo, bahati iliyoje). Apewe maswali manne badala ya kumi, sahihi zake zihesabiwe kwa manne. Na mapema, kabla ya mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwalimu mkuu aulize utaratibu wa Baraza la Mitihani, kwa kuwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda. Wazazi wengi hukumbuka jambo hilo wiki ya mtihani.

Kuchapa nimekuachia mwisho kwa sababu nadhani umeshajijibu. Mwombe radhi. Usizungushe, mwambie, "Nilidhani unafanya makusudi, kumbe sivyo." Ana miaka 12, mwambie na sababu: dawa iliyokuokoa ilipunguza mwendo wa kichwa chako, akili yako haijaondoka. Amekuwa akiitwa mvivu tangu darasa la tatu, na hajawahi kupewa maelezo mengine.

Hospitali, anzia pale alipotibiwa. Dar es Salaam watoto wa saratani hutibiwa Muhimbili na mionzi hutolewa Ocean Road, kwa hiyo faili lake lipo, hata kama mtu alikwambia usirudi. Beba karatasi ya "54 Gy/30", orodha ya dripu kama unayo, madaftari mawili ya shule, la mwaka huu na la darasa la pili, na zile namba za mlangoni ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe zake. Kama wanaweza kukupa nakala ya mpango wa mionzi, iombe na uifungie mahali pa hati ya kiwanja. Miaka thelathini ijayo kuna daktari atakayeihitaji.

Kuhusu maski, mama mkwe mheshimu, lakini haina nuksi. Naijua kazi yake. Ni plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto, inawekwa usoni ingali na joto, inaganda kwa sura ya mtoto, kisha inafungwa mezani ili kichwa kisisogee hata kidogo. Alilala chini yake mara thelathini, peke yake, mlango umefungwa, sisi tukimwangalia kwenye runinga. Muulize yeye anaitakaje. Akisema ichomwe, ipeleke jalalani, usiichome karibu na nyumba maana moshi wa plastiki si mzuri. Akisema ibaki, mtafutie msumari chumbani kwake.